Hosipawa za karatasi hazipandi Kitonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msiikate hii, maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi gazeti likifika hapa Iringa naanza na ukurasa wa magari, kabla hata ya michezo. Ila kila mkilinganisha zile sedani za mbio mnafanya kilekile, hosipawa ngapi, sifuri mpaka mia sekunde ngapi, spidi ya mwisho ngapi, halafu mshindi huyu hapa. Vijana wanazibeba hizo namba wanaenda kubishana nazo kijiweni wiki nzima, na kuna wengine wanauza kiwanja kabisa waagize gari Japani kwa sababu ya namba. Mimi nasema hizo namba zimepimwa kwenye hewa ambayo sisi wa huku juu hatuna.

Shemeji yangu ana Toyota Mark X ile ya lita 3.5, 350S, isiyo na turbo. Mdogo wangu ana Subaru WRX STI ya milango minne, cc 2,000 yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Karatasi ya kiwandani inasema Mark X hosipawa 318, Subaru 308, na uzito wote wanacheza kwenye kilo 1,500, Mark X ikiwa nzito kidogo. Kwa mlinganisho wenu Mark X kashinda kwa hosipawa 10, kesi imefungwa. Sasa mimi nimezipandisha zote mbili Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara ya kutoka Dar kuja Iringa, kwa mkono wangu, kila moja ikiwa na watu wanne na mizigo ya kutoka Dar, na nawaambia pale juu hakuna ubishi hata kidogo.

Mark X kutoka Kibaha mpaka Morogoro ni raha tupu. Ukigusa mafuta inaitika, haina kelele, gia zinabadilika hata mtoto aliyelala nyuma hashtuki. Kitonga tukakuta semi mbili zinatambaa kama kawaida, tukasubiri nyuma mpaka tulipopata sehemu inayoonekana mbele vizuri na inaruhusiwa kupita, nikakanyaga mpaka chini. Gia zikashuka mbili kwa mpigo, mshale wa mzunguko wa injini kwa dakika ukapita 6,000, injini ikalia kwelikweli, lakini ule msukumo wa mgongoni niliouzoea tangu Chalinze ukawa haupo. Tulipita, sawa, ila taratibu kuliko nilivyopiga hesabu, na shemeji pale pembeni akaniuliza, "Kaka, mbona imekuwa nzito ghafla? Asubuhi haikuwa hivi." Alidhani ni plagi. Haikuwa plagi, Mhariri, ni hewa.

Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, haina namna nyingine. Ukipanda mita 100 inapoteza kama asilimia moja ya nguvu yake. Mji wa Iringa uko kwenye mita 1,600 hivi, kwa hiyo zile 318 za karatasi huku zinabaki kama 267, labda ubaridi wetu urudishe kidogo. Yenye turbo inafanya tofauti, hewa ikiwa nyepesi lile feni linazunguka kwa kasi zaidi linaijazia injini ile presha inayotakiwa, kwa hiyo inapoteza pia lakini kidogo tu. Ndiyo maana Subaru ya mdogo wangu nilipoipandisha palepale ilipita lori kama vile bado tuko Mlandizi. Pia ina nguvu ya kuvuta zaidi ya nyutoni mita 420 na inaanza kuitoa mzunguko ukiwa kama 3,200 tu, wakati Mark X ina 380 na mpaka uizungushe 4,800 ndiyo uione yote. Kwenye kuovateki ukitokea spidi ya 50 nyuma ya lori hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Ndugu zetu wa Nairobi nao wako mita karibu 1,800 kwenda juu, mimi sishangai kabisa wanavyozipenda Subaru za turbo.

Na hili halipo kwa Wajapani tu. Chukueni BMW M3 ya milango minne, ile E90 iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 2000 na V8, yaani silinda nane, ya lita 4, hosipawa 420 lakini unazipata mzunguko ukifika 8,300. Halafu ikaja F80 mwaka 2014, silinda sita lita 3 turbo mbili, hosipawa 431. Mkisoma karatasi mtasema wameongeza 11 tu, ya nini sasa. Lakini nguvu ya kuvuta imetoka nyutoni mita 400 ikaenda 550, na hizo 550 zinaanza kwenye mzunguko wa 1,850, yaani gari ndiyo kwanza linaamka. Ipeleke ile V8 Mbeya uone, inabaki na 350 hivi. Mlio wake mtamu sana, na mimi huo mlio naupenda mpaka kesho, ila mlio hauvushi lori. M5 nayo hivyohivyo, ile ya V10 yenye hosipawa 507 ilipomaliza zamu yake, iliyofuata mwaka 2011 ikaja na V8 ya turbo mbili, 560. Benzi C63 nayo kwanza ilikuwa V8 kubwa ya lita 6.2 bila turbo, baadaye lita 4 na turbo mbili. Unaweza ukaweka zote hizo kwenye jedwali moja mkapanga kwa hosipawa, na jedwali litamdanganya mtu wa Mafinga toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Hizo sekunde za sifuri mpaka mia mnazozinakili ndiyo usiseme. Magazeti ya magari ya Marekani kwa kawaida hayahesabu zile sentimita 30 za mwanzo, saa inaanza gari likiwa tayari limeshatembea, hapo umeshaokoa kama theluthi ya sekunde. Barabara imechaguliwa, matairi mapya, dereva mmoja peke yake ndani. Na kwa Wajapani kulikuwa na makubaliano ya watengenezaji mpaka mwaka 2004 kwamba hakuna gari litakalotangazwa zaidi ya hosipawa 280, kwa hiyo Lancer Evolution, Subaru, Skyline GT-R, zote zikaandikwa 280 ileile wakati zingine zilikuwa na zaidi. Halafu nyie mnaandika zimelingana!

Sasa msije mkadhani natetea Subaru kwa sababu ni ya mdogo wangu, hapana. Dar es Salaam mambo yanageuka. Intakula ya STI, yaani kile kipoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini chini ya ule mdomo wa boneti, inategemea upepo wa gari likiwa linatembea. Kaa nayo foleni ya Ubungo saa nane mchana nusu saa, ile intakula inakuwa ya moto huwezi kuishika, na foleni ikifunguka gari linakuwa zito kabisa mpaka lipate upepo. Mark X hapo haina habari, inaondoka tu. Pwani mimi ningechukua Mark X bila kufikiria mara mbili. Na zote mbili zilitengenezewa petroli ile ya juu ya Japani inayouzwa na oktani 100, pampu zetu hazina hiyo, na kompyuta ya gari ikisikia injini inataka kugonga inachelewesha cheche za plagi, hosipawa zinaondoka tena. Hilo nalo jedwali lenu halina.

Breki sasa, hapa ndipo pananiuma. Mwaka jana kabla ya safari shemeji aliniachia Mark X nikaibadilishia pedi za mbele, nikanunua duka moja la spea ambalo silitaji jina, boksi zuri lenye muhuri, muuzaji akaniapia ni jenyuini. Tunashuka Kitonga kurudi Dar, mke wangu na watoto wawili wako nyuma, kona ya tatu au ya nne nikasikia ile harufu kali kama ya kitambaa kinachoungua, nikadhani ni malori maana pale harufu hiyo ni ya kila siku. Kona inayofuata nikakanyaga pedali, ikazama. Haikwenda mpaka chini, lakini ilizama kama unakanyaga sponji na gari halipungui. Nikaliweka gia kwa mkono, tatu, pili, injini ikalia ikalizuia, tukaenda kusimama pembeni kwenye upana kidogo. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia tunapumzisha gari. Miguu ilikuwa inatetemeka. Tulikaa karibu dakika arobaini, na nilipokuja kuzitoa zile pedi Morogoro zilikuwa zimeng'aa kama kioo, moja imepasuka katikati. Hosipawa 318 zingenisaidia nini pale?

Na matairi jamani. Vijana wanaringia rimu, hawaangalii zile tarakimu nne za ubavuni. Ikiandikwa 2313 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2013, gari lenye nguvu namna hiyo limevalishwa mpira mkavu wa miaka mingi, mvua ikinyesha Mikumi unategemea nini?

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ukurasa wenu uache kunakili karatasi za viwandani. Chukueni gari mbili mkazipime hapa kwetu, zikiwa na watu wanne na mafuta ya pampu yoyote ya njiani, na mpime vitu ambavyo mtu anavitumia, kutoka 50 kwenda 90 tambarare ya Kibaha, halafu hiyohiyo mlimani, halafu kushuka na joto la breki baada ya kona kumi. Sio ligi, mimi ligi barabarani siitaki, nimeona magari mengi yamekunjwa pale bondeni. Mwandishi wenu akiwa tayari, Mark X na Subaru zipo, shemeji na mdogo wangu wameshakubali, na kifaa cha kupimia joto la breki anacho fundi wetu wa hapa Ipogolo. Mje Jumapili asubuhi mapema, mimi nitawasubiri Ilula.

Msomaji wenu,
Iringa