Ng'ombe wa Bibi na Mzee wa Frankfurt

Mwanangu,

Huku Tanga hatujambo, ila bibi yako miguu inamsumbua tangu mvua zianze. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umekasirika kwamba mwenzako darasani kakuuliza, ati, kwenu mlikuwa na sayansi gani kabla ya Wazungu. Mimi nimeona haya. Miaka yote ile nimefundisha aljebra, na sikumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba neno lenyewe limetoka kwenye kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Al-jabr ni kuunga, kama fundi wa viungo aungavyo mfupa.

Sasa, hapo hapo Frankfurt ulipo aliishi mzee mmoja Mturuki, Fuat Sezgin, mzaliwa wa Bitlis mwaka 1924. Utotoni mwalimu wake aliwaambia wanafunzi kwamba wanazuoni wa Kiislamu waliamini dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana ndivyo bibi yako alivyotusimulia: ng'ombe akichoka huihamishia pembe ya pili, ndipo ardhi hutetemeka.

Sezgin alinuia uhandisi. Huko Chuo Kikuu cha Istanbul akamkuta mwanazuoni Mjerumani, Hellmut Ritter, akamuuliza kama Waislamu waliwahi kuwa na wanahisabati wa maana. Ritter akamtajia al-Khwarizmi, Ibn al-Haytham, al-Biruni. Uhandisi ukaishia hapo. Vita vilipofunga chuo kwa miezi, alijifungia na tafsiri ya Qur'ani ya al-Tabari, juzuu 30, akijifunza Kiarabu kutwa kucha.

Mwaka 1960 jeshi likapindua serikali, na wahadhiri 147 wakafukuzwa. Jina lake alilisoma gazetini asubuhi. Unajua alikwenda wapi? Maktaba ya Süleymaniye, akaendelea kusoma miswada yake ya kale. Hapo niliweka chini kidogo kitabu nilichokuwa nikisoma habari zake. Mimi ningerudi nyumbani nikalie.

Akahamia Ujerumani. Kuanzia 1967 akawa anatoa juzuu za kazi moja, orodha ya maandiko ya Kiarabu ya tiba, kemia, hisabati, falaki, jiografia, zikafika 17. Mwaka 1982 akaanzisha taasisi yake hapo Chuo Kikuu cha Goethe.

Ila ninachompendea mimi ni vyombo. Watu wetu wengi husema tu, "sisi ndio tuliogundua," wakaishia hapo. Yeye alichimbua michoro na maelezo kwenye miswada, akawapa mafundi, wakavitengeneza upya kwa mamia: saa za maji, pampu, na astrolabu, zile sahani za shaba za kupimia kimo cha nyota. Kuna makumbusho yake Frankfurt, na mengine Istanbul, kwenye bustani ya Gülhane, yaliyofunguliwa 2008. Pembeni mwa hayo ndipo alipozikwa, mwaka 2018.

Huyo mwenzako usimwambie al-Khwarizmi ni babu yetu. Hakuwa wa Tanga. Ukitaka la karibu, mtajie Ibn Majid, nahodha aliyetunga shairi la njia ya pwani hii hadi Sofala, huko Msumbiji.

Uliza chuoni kama wanapokea wageni kwenye makumbusho, kisha unipigie picha ya astrolabu moja, upande wa nyuma, penye vipimo.

Nimemsimulia bibi yako yote haya. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo ng'ombe wangu mmemtoa?"

Mama yako