Barua kwa mwanangu kuhusu pisini (bwawa la kuogelea) unayoitaka

Lubumbashi, 23 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumanne niliusoma mara mbili, kwanza nikiwa nimesimama pale kwenye ujenzi, kisha usiku mezani baada ya mama yako kunitafutia miwani. Umeandika mistari mitatu tu: kwamba kwa kuwa msingi umekwisha kupandishwa na ukuta wa uzio bado haujafungwa upande wa nyuma, tuongeze na pisini, ili watoto wajifunze kuogelea kama nilivyokufundisha wewe. Jambo hili siwezi kulijibu kwa simu, hasa kwa mtu anayenipigia kutoka Kolwezi akiwa ndani ya basi la zamu, sauti ikikatika kila baada ya neno la tano. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nikutoe wasiwasi mapema, mama: sikatai. Mtu aliyekula mshahara wa pisini kwa miaka kumi na minne hawezi kuikataa pisini ya binti yake. Lakini kwa kuwa niliitunza ile ya klabu ya kampuni tangu kabla hujazaliwa, ninajua mambo ambayo fundi atakayekuja na bei yake hatakuambia, kwa sababu yeye huondoka siku ile maji yanapojaa.

Jana asubuhi nilikwenda kwenye parseli, kile kiwanja chako, na kamba, vijiti vinne na mita ya kupimia. Nikapigilia urefu wa mita 8 na upana wa mita 4 nyuma ya baraza. Kina nimekikadiria mita 1.1 upande wa watoto na mita 1.7 upande wa mbali, na sioni sababu ya kwenda chini zaidi, maana hakuna mtu katika ukoo wetu anayejua kuruka kichwa mbele, na mjomba wako akijaribu tutamzuia. Bwawa la namna hiyo huchukua mita za ujazo 45 za maji, yaani lita 45,000. Shimo lenyewe, hata hivyo, ni kubwa kuliko bwawa. Ukiongeza unene wa zege, tabaka la kokoto chini yake na nusu mita kila upande ili watu wapate nafasi ya kusuka vyuma, utachimba mita za ujazo 85 hivi, na udongo uliochimbwa huvimba, kwa hiyo utapakia zaidi ya mita 100. Kwa kamioni ya mita 7 hizo ni safari kumi na tano. Katapila ikiingia, kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu. Ukuta ukishafungwa, ni ya vijana wenye majembe na toroli wakipita ubavuni mwa nyumba yako mpya kwa wiki kadhaa, wakigonga kona za plasta. Hapo umeona vizuri, na ninakusifu: kama shimo litachimbwa, wakati wake ni sasa.

Sasa nikuambie nilichokiona chini. Unakumbuka kile kichuguu cha kona ya nyuma, kirefu kumpita mlinzi, ambacho wafyatuaji wa matofali walikibomoa chote mwaka jana na kukigeuza kuwa kuta zako? Juu kimekwisha, lakini chini bado kipo. Nilichukua kipande cha nondo ya milimita 12 nikakisukuma kwa mkono kwenye kila kijiti. Penye vijiti vitatu kiligoma baada ya shubiri moja, ule udongo mwekundu wetu mgumu kama tofali. Penye kijiti cha nne kiliingia polepole, kikakwama kidogo, kikaingia tena hadi ngumi yangu ikagusa ardhi, na nilipokichomoa kilitoka na vumbi laini la rangi ya majivu. Huko chini kuna vyumba vya mchwa. Bwawa la zege likikalia ardhi ngumu kwa pembe tatu na ardhi yenye uwazi kwa pembe moja, likabebeshwa tani 45 za maji, litapasuka pale ardhi hizo mbili zinapokutana, na ufa wa bwawa hauzibwi kwa rangi. Ama tuchimbue kiota chote hadi ardhi ngumu, tujaze udongo mwekundu kwa matabaka ya sentimita 20 na kulishindilia kila tabaka, ama tusogeze vijiti mita tatu kuelekea mwembe. Mimi ningesogeza, ingawa mwembe nao una mizizi, na majani yake utayaopoa kila asubuhi.

Tusisogee upande wa nyumba. Msingi wako umekaa mita 0.8 chini ya ardhi, na shimo la upande wa kina litafika karibu mita 2.2. Ukichimba karibu na msingi unauondolea udongo unaouegemeza, na nyumba huanza kuonyesha nyufa madirishani kabla hata hujanunua mapazia. Ninataka mita tatu kamili kati ya ukingo wa shimo na baraza, na fundi asinishawishi vinginevyo.

Kuna kisa ambacho sijawahi kukusimulia. Mwaka mmoja, mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, mkubwa wetu pale klabuni aliamuru bwawa limwagwe lote ili lipakwe rangi kabla ya sherehe fulani. Mzee aliyenitangulia kazini alisema ingefaa kungoja mwezi wa sita, akaambiwa kazi yake ni kufagia. Tukamwaga. Usiku mvua ilinyesha mfululizo, na asubuhi nilipofika na ndoo yangu nilikuta sakafu ya upande wa kina imeinuka katikati, vigae vimesimama kama magamba ya samaki, na maji machafu yakichuruzika kutoka chini kwenda juu. Sikuelewa. Yule mzee ndiye aliyenieleza kwamba bwawa tupu ni mashua: maji ya ardhini yakipanda, hulisukuma lielee, na kinacholizuia siku zote ni uzito wa maji yake lenyewe. Kwa hiyo chini ya zege lako patakuwa na kokoto safi na bomba la kupeleka maji ya ardhini mbali, na sakafuni tutaweka vali inayofunguka yenyewe maji ya chini yakizidi nguvu. Hata hivyo kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 4 hakuna mtu atakayelimwaga bwawa hilo, awe mkubwa wa nani.

Habari ya maji yenyewe imenikalia moyoni kuliko zege. Lita 45,000 ni bidoni 2,250 za lita 20. Niliihesabu hivyo kwa sababu, nilipokuwa nimekaa juu ya ndoo nikiandika vipimo, wanawake wanne wa avenyu yetu waliingia na bidoni za njano kumwomba mlinzi maji ya foraji, kisima chetu cha kutobolewa kwa mashine, kama wanavyofanya kila siku bomba la mjini linapokauka. Foraji yetu inatoa lita 1,000 kwa saa umeme ukiwapo, maana yake pampu itakimbia saa 45 kulijaza bwawa mara moja. Kulijaza si mwisho, kwani mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua, jua na upepo mkavu hulamba maji, na kila bwawa hilo linaposhuka milimita 5 umepoteza lita 160, bidoni nane. Sitaki wajukuu wangu wapige mbizi nyuma ya ukuta ambao mbele yake watu wamepanga foleni ya maji ya kupikia. Ukikubali pisini, tutatoboa ukuta wa mbele na kutoa bomba moja nje, na bomba hilo litatangulia. Mama yako ameniambia nilipigie mstari neno hilo, nimelipigia.

Kuhusu kazi ya kila siku, nitasema kwa kirefu kidogo, uniwie radhi. Asubuhi unaopoa majani kwa wavu. Unachota maji kwenye tyubu mbili ndogo na kudondoshea dawa; moja hugeuka njano kuonyesha klorini, nyingine nyekundu kuonyesha ukali wa maji (pH). Klorini ikae kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kipimo cha pili kati ya 7.2 na 7.6, jambo ambalo kwa maji yetu haya yanayoacha weupe chini ya birika litahitaji dawa ya kukishusha mara kwa mara. Klorini hutiwa jioni, kwa sababu jua huila. Na ile harufu inayokuchoma pua, ambayo wengi huiita harufu ya usafi, hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Pale klabuni niliweza kujua kwa pua tu kwamba Jumapili ilikuwa na watoto wengi. Pampu nayo lazima iyapitishe maji yote kwenye chujio la mchanga kila siku, kwa muda wa saa nane hivi, na chujio huoshwa kwa kurudisha maji kinyume. Hayo maji machafu yasielekezwe kwenye fosi septiki, shimo la maji ya choo, maana klorini itaua vijidudu vinavyofanya kazi humo.

Sasa weka delestaji, yaani mgao wa umeme, katika hesabu hiyo. Siku tatu bila pampu katika joto la mwezi wa 10, na maji huanza kugeuka kijani. Jirani mmoja wa shangazi yako alijenga pisini nzuri yenye vigae vya buluu, akasafiri, akarudi kukuta vyura wanaimba na viluwiluwi vya mbu vinacheza. Sasa analifunika kwa mabati na kuanikia mihogo juu yake. Kwa hiyo gharama ya pampu uihesabu pamoja na panno za jua (sola), si mwaka ujao bali tangu siku ya kwanza. Na usisahau kwamba tuko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa 6 na wa 7, ulipokuwa ukienda shule na sweta mbili, hakuna mtu aliyegusa maji ya klabu isipokuwa mimi na wavu wangu.

Usalama nitaupitia haraka kwa sababu hauna mjadala. Uzio wa mita 1.2 kuzunguka bwawa lote, mlango wake ujifunge wenyewe na kitasa kiwe juu, mkono wa mtoto usifike. Mtoto anayezama hapigi kelele, huzama kimya, na mlinzi wa lango kuu hatasikia lolote. Sakafuni mashimo mawili ya kunyonya maji, yaliyo mbalimbali, ili moja likizibwa na mwili wa mtu jingine liendelee kuvuta. Waya wa ardhi, na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30.

Ninachokiogopa zaidi ni njia ya katikati ambayo fundi wetu tayari ameanza kuninong'oneza: tuchimbe na kumwaga zege sasa, vigae na pampu vije ukipata fedha. Bwawa la nusu hukusanya mvua, huzaa mbu, halina uzito wa kutosha kujituliza wakati maji ya ardhini yanapopanda, na wajukuu wanapokuja ujenzini wataliona kuwa ni mahali pa kuchezea. Kwa hiyo nakupa njia mbili tu. Ya kwanza, tulijenge lote: katapila iingie wiki ya kwanza ya mwezi wa 9, zege limwagwe kabla ya mwezi kuisha na kunyweshwa maji wiki nzima, likae siku 28, tulipime kwa maji kabla ya kigae chochote, na tuwe tumemaliza kabla mvua ya mwezi wa 11 haijachanganya. Fedha zake zisitoke kwenye fungu la mabati. Ya pili, tusichimbe: tulaze mabomba matupu na njia ya waya chini ya baraza kabla halijamwagwa, na ukuta wa nyuma tuuachie mita tatu na nusu zisizofungwa kwa nguzo, tuzibe kwa mabati, ili katapila ipite mwaka utakaohamia hapa.

Moyo wangu uko kwenye njia ya pili, kwa sababu ya swali ambalo ujumbe wako haukulijibu: nani atashika wavu? Wewe uko Kolwezi, kilomita 300 kutoka hapa, na mkwe wangu anarudi mara mbili kwa mwezi. Kama jibu lililo kichwani mwako ni "Baba", basi liseme waziwazi, tuzungumze mshahara.

Ninakumbuka Jumatatu zile, klabu ikiwa imefungwa, nilivyokuwa nikiweka mkono mmoja chini ya mgongo wako na kukuambia uangalie angani usiangalie miguu, na siku niliyouondoa mkono bila kukuambia. Nikiwaza kufanya hivyo na mwanao wa mwisho, hesabu zangu zote za hapo juu zinayumba kidogo. Ndiyo maana nimeziandika kabla ya kuwaza hayo.

Masoni, wale waashi, wanarudi Jumatatu kufunga ukuta wa nyuma. Nipigie Jumapili baada ya misa, ukiwa mahali penye mtandao, mkwe wangu awe karibu. Vijiti vyote vinne nimeviacha ardhini na kamba yake, na mlinzi nimemwambia asivigeuze kuni.

Baba yako