Kwa mwanangu, kabla hujapanda ndege

Mwanangu,

Salamu zikufikie hapo Kariakoo ukiwa mzima, wewe na mume wako na mjukuu wangu. Sisi huku Lushoto hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imekaza na magoti yangu hayana raha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, "mama subiri kuna mteja," halafu ndiyo basi tena mpaka usiku. Kaka yako atakuletea barua hii akija na basi la asubuhi.

Nimesikia safari ya Addis Ababa ni wiki ijayo, kwenye maonyesho ya ngozi. Hongera. Habari imeshazunguka kijiji kizima, na mimi sikuizuia. Wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne mwaka jana walinifuata sokoni kuniuliza mtu anaanzaje kuuza viatu vya wanawake. Niliwajibu kwamba anaanza kwa kuamka mapema. Walicheka, lakini nadhani walitaka jibu lako, si langu.

Sasa ile video ya siku ulipogawa viatu kwa watoto wa shule hapa kwetu. Naomba uifute.

Najua utasema mama ameanza tena. Ndiyo, nimeanza tena. Umeitazama mwenyewe vizuri, au umetazama idadi ya watu walioipenda tu? Mwalimu ameshika kipaza sauti anawaita watoto mmoja mmoja, huyu yatima, huyu baba kawatelekeza. Wewe umechuchumaa na mchuchumio wako, unamvalisha yule mtoto kiatu. Kamera inaanzia kwenye kisigino kilichopasuka, inapanda taratibu mpaka usoni. Watu wakaandika "Mungu akubariki dada." Mimi nilikuwa naangalia macho ya mtoto.

Bibi yake ndiye anayeniuzia maziwa, kwa hiyo mtoto namwona karibu kila asubuhi. Akifika njia panda anavua vile viatu, anavitia kwenye mkoba wa madaftari, anavaa kandambili ndipo anaendelea na safari ya shule. Wenzake wanaviita "viatu vya video". Jioni anavivaa tena pale pale njia panda ili bibi yake asimuulize.

Tena si yeye peke yake mwenye sababu ya kuvivua. Ulileta zile simple, viatu vya chini vya kike, zilizododa dukani, soli nyembamba kama chapati ya mgahawani. Udongo wetu mwekundu huu, mteremko huu, mvua za masika hizi! Umezaliwa hapa, hukuhitaji kuambiwa. Na namba ulizikisia. Mtoto wa darasa la nne amepewa 38, anatembea kama anayeburuta mtumbwi.

Sisemi usitoe. Safura inapitia nyayo, funza nao hawapigi hodi, na mtoto wa kike akiingia choo cha shule pekupeku moyo wangu hauwi na amani. Toa, tena toa sana. Ninachosema ni kwamba uso wa yule mtoto uondoke kwenye simu za watu. Shemeji yako anayejua mambo ya sheria ameniambia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watoto zimewekwa humo katika fungu la taarifa nyeti. Bibi yake aliulizwa? Hakuulizwa. Nilimuuliza mimi. Akasema, "Mwanao katusaidia, tuseme nini?" Hilo si jibu la mtu aliyekubali.

Na ule mpango wako wa kila jozi ikiuzwa mtoto apate jozi, kaka yako amenisomea umetoka wapi. Ile kampuni ya viatu ya Marekani, TOMS, iliuanza mwaka 2006, na mwaka 2019 wenyewe wakauacha, wakaamua kutenga sehemu ya faida kwa kazi nyingine za jamii. Kama wao wameuvua, wewe unauvaa wa nini? Hapa sokoni yupo fundi mwenye cherehani ya viatu na kalibu zake, anashona viatu vyeusi vya shule vya ngozi vinavyorithiwa na wadogo wawili. Ulipoleta mzigo wako alikaa siku kadhaa bila mteja. Mlipe yeye. Mama ampeleke mwanawe, apimwe mguu pale benchi, achague, aondoke kama mteja yeyote. Fundi anajua nani amelipa, na hana kawaida ya kusema. Ngozi mnaweza kuiagiza Moshi, kiwanda cha Karanga, kuliko kusubiri makontena.

Huko Addis mtafute Bethlehem Tilahun Alemu, mwanzilishi wa kampuni ya viatu ya soleRebels, au angalau uwaone wanaofanya naye kazi. Soli zake zinatokana na matairi chakavu, kama katambuga tulizokuwa tukizionea haya, na amezifikisha Ulaya. Alianzia mtaani kwao kwa kuwapa majirani kazi ya mshahara. Kama unataka wale wasichana wawili wakuige, hapo ndipo pa kuangalia. DIT, ile Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, wana kampasi yao Mwanza inayofundisha mambo ya ngozi. Mmoja wa wasichana hao ana mkono mzuri, nimeona shanga zake. Ukimlipia ada, usiseme na mtu. Kwao wanasema viatu si kazi ya msichana, maneno ambayo wewe uliwahi kuyasikia nyumbani humu humu, na sitaki kuyasikia tena.

Ila uifute kwanza. Usiniambie utaifuta ukirudi. Watu wa Addis watakutafuta mtandaoni, na kitu cha kwanza watakachokiona kitakuwa mguu wa mtoto wa watu.

Ng'ombe amezaa, ndama dume. Mama mdogo wako anataka sendozi za shanga, namba 39 si 38, mguu umevimba kidogo tangu mwezi uliopita na hospitali wanasema ni presha. Zisiwe na kamba ya nyuma. Jiko limeanza kuvuja upande wa kuni, fundi bati ameshapima na anataka nusu ya hela kabla ya Jumatatu. Usimtumie yeye, tuma kwangu, maana mwaka juzi alipokea kwa mume wako akaenda kuezeka kwa mtu mwingine.

Mimi mama yako.