Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Nyumba ya Kijani kwa Wanachama

Mwalimu mlezi, makamu mwenyekiti, makapteni wa michezo na wanachama wote wa Nyumba ya Kijani, nawasilisha kwenu taarifa ya kipindi cha Januari hadi Oktoba, kabla sisi wa kidato cha nne hatujaingia katika mtihani wa taifa.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo nitazipitia kwa haraka. Muhula wa kwanza, uwanja ukiwa bado umejaa maji ya mvua, tulishiriki mdahalo, chemsha bongo, kwaya na ukaguzi wa usafi wa mabweni. Tuliongoza katika mdahalo na usafi. Mwezi Juni wanachama wenzetu watano waliingia katika timu ya shule iliyoshiriki UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Muhula wa pili ulikuwa wa mpira wa miguu, pete, kikapu, wavu na riadha. Wasichana wetu wa mpira wa pete hawakufungwa mechi hata moja, na naomba iandikwe kwamba mazoezi yao ya alfajiri, katika baridi ya Julai ambayo kila anayeishi Mbeya anaijua, niliyapanga na kuyasimamia mimi pamoja na kapteni wao. Hesabu ya mwisho ya kombe linaloshindaniwa na nyumba nne za shule yetu ilikuwa hivi: Nyekundu pointi 219, sisi 212, Bluu 187 na Njano 164.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana mabwenini na kwenye foleni ya chakula, yaani uamuzi wangu wa kumwondoa mkimbiaji wetu mwenye kasi kuliko wote katika mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, na kumweka mwanafunzi wa kidato cha pili akimbie kipande cha mwisho. Tulimaliza wa pili nyuma ya Nyekundu, na wapo wanachama waliosema hadharani kwamba mwenyekiti ameuza kombe. Maneno hayo yaliniumiza, nami nayajibu kwa maandishi ili yasiendelee.

Mwenzetu huyo ni hodari na sina ugomvi naye, lakini hakufika katika mazoezi ya kupokezana kijiti kwa wiki tatu mfululizo, ingawa aliitwa mstarini na mimi mwenyewe nikamfuata bwenini. Mbio hizi haziendeshwi kwa kasi ya miguu peke yake. Eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30, na kinachohesabiwa ni mahali kilipo kijiti, si mahali ulipo mguu wa mkimbiaji; kijiti kikipokelewa nje ya eneo hilo, timu nzima inaondolewa. Anayepokea huanza kukimbia bila kumtazama mwenzake, akitegemea alama na hatua walizohesabu pamoja, na hatua hizo hazihesabiwi na mtu ambaye hayupo. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, timu ya wanaume ya Japani ilikimbia kwa muda wa sekunde 37.60 na kupata medali ya fedha nyuma ya Jamaika, ingawa hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Miaka minane kabla ya hapo, Beijing, timu zote mbili za Marekani, ya wanaume na ya wanawake, ziliangusha kijiti na hazikufika fainali. Sisi wenyewe mwaka jana tuliangusha kijiti tukiwa mbele, na waliolia siku ile ni haohao wanaonilaumu leo. Mwaka huu kijiti kilipita katika mikono minne bila kutetereka, na kijana wa kidato cha pili aliyetukanwa baada ya mbio anastahili kuombwa radhi.

Tena hesabu yenyewe inanitetea. Mshindi wa vijiti alipata pointi 10 na wa pili 7. Tungeshinda sisi na Nyekundu wakawa wa pili, wao wangebaki na 216 na sisi tungekuwa na 215, na kombe lingekwenda kulekule lilikokwenda. Kombe letu lilipotea kwenye wavu wa wavulana. Jumamosi mbili za Septemba, dhidi ya Bluu na dhidi ya Njano, tulifika wachezaji wanne wakati timu inahitaji sita, na wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Kila mechi ilikuwa na pointi 4. Mechi hizo mbili, kama tungezicheza na kuzishinda, zingetufikisha 220. Nasikitika kwamba lawama zimeangukia mbio ambazo watu walikimbia, huku siku ambazo watu hawakutokea kabisa hazitajwi na mtu.

Ninaelewa kwamba wenzetu wa kutwa wanaokaa Uyole na Mbalizi wanategemea daladala na hawawezi kuchelewa kurudi nyumbani. Hata hivyo, wengi wa waliokosekana Jumamosi hizo ni wa bweni, na baadhi yao walionekana wakifua nguo mita chache kutoka uwanjani. Mkutano wa Agosti ulihudhuriwa na wanachama 22 kati ya 96, nao ndio uliopitisha orodha ya wakimbiaji. Asiyehudhuria hawezi kudai kwamba hakushirikishwa.

Kuhusu ada, kila mwanachama alitakiwa kulipa shilingi 3,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 41, sawa na shilingi 123,000; wasiolipa ni 55, na deni lao ni shilingi 165,000. Matumizi yalikuwa shilingi 113,500: mipira miwili 78,000, glukosi na matunda 26,500, chokaa ya kuchorea uwanja 9,000. Salio ni shilingi 9,500, na jezi zilizochanika zilishonwa kwa juhudi zangu na za makamu bila kugusa mfuko wa nyumba.

Kwa mwakani tunatumaini kupata jezi mpya, kufufua timu ya wavu na, Mungu akijalia, kulirudisha kombe. Uongozi ujao utaona namna ya kulifanya hilo. Daftari la fedha na la mahudhurio nimeyakabidhi kwa mwalimu mlezi, na mwanachama yeyote mwenye shaka na maelezo yangu anaruhusiwa kuyasoma ofisini kwake kabla ya uchaguzi.

Mwenyekiti, Nyumba ya Kijani