Barua kwa Mwanaidi: jaribio la tatu, na bado mbali

Kansas City, Missouri
12 Novemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Mimi huku sijambo, alhamdulillah, ila baridi imeshaanza kutuingia mifupani. Watoto wazima. Hofu ni kwako, maana ujumbe wako wa sauti wa wiki iliyopita nimeusikiliza mara tatu, na kila mara naona umechoka. Umesema darasa lako la kusoma la Jumamosi pale kibarazani limebaki na watoto saba, wengine wako darasa la tano na sentensi moja hawaimalizi, na unafikiria kulifunga. Sikutaka kukujibu harakaharaka kwenye simu. Kuna mtu nataka nikuhadithie habari zake. Ni mcheza mpira, tena si mpira wetu, ni ule wa Wamarekani wa kofia ngumu na kugongana. Nivumilie.

Unamkumbuka yule mzee niliyekwambia, ninayemhudumia zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee? Yule asiyepata usingizi. Ana jezi moja nyekundu imepauka, namba 58. Jana, tarehe 11 Novemba, ni siku ambayo Wamarekani huwaenzi watu waliotumikia jeshi. Basi akaniomba nimvishe hiyo jezi, akanisimulia ni ya nani, nami asubuhi niliporudi nyumbani badala ya kulala nikakaa kusoma mpaka mchana. Mwenye namba hiyo alikuwa Derrick Thomas, wa timu ya hapa, Kansas City Chiefs.

Alizaliwa Miami, tarehe 1 Januari 1967. Baba yake alikuwa kapteni wa jeshi la anga, rubani msaidizi wa ndege kubwa ya mabomu, B-52. Desemba 1972 Marekani ilikuwa inaipiga Hanoi, kule Vietnam, kwa mabomu usiku baada ya usiku, na ndege ya baba yake ikatunguliwa. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka sita. Na sikiliza hili, Mwanaidi: mashambulizi yale jeshi liliyapa jina la Linebacker II. Lainibeka ni mchezaji wa ulinzi katika mpira huo wao. Ndiyo nafasi ambayo mtoto yule alikuja kuicheza maisha yake yote. Niliposoma hapo niliiweka simu chini, nikakaa tu.

Akalelewa na mama na bibi. Ujanani aliteleza, akapelekwa kwenye programu ya kurekebisha vijana, akanyooka. Chuo Kikuu cha Alabama ndiko alikotoka na jina, na mwaka 1989 Chiefs wakamchukua, wa nne katika vijana wote wa nchi nzima waliochaguliwa mwaka ule.

Sasa nikueleze mchezo, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini nakuandikia. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Wakizifikisha, wanahesabiwa upya. Wakishindwa, mpira wanaupoteza, na kwa kawaida jaribio la nne huwa ni la kuupiga teke uende mbali, kukubali yaishe. Kwa hiyo jaribio la tatu ndilo la kufa na kupona. Ukifika la tatu na yadi bado ni nyingi, uwanja mzima unajua huna ujanja ila mpira urushwe mbali, na mrushaji wao, kwotabeki, anahitaji sekunde mbili tatu za kusimama atazame nani yuko wazi. Kazi ya Derrick Thomas ilikuwa kumnyima hizo sekunde. Mpira ukianza tu, anachomoka kutoka ukingoni, anainamisha bega mpaka karibu aguse nyasi, analipita jitu lililowekwa kumzuia, na mrushaji anashtukia mtu yuko mgongoni. Hakumwangusha tu. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari unaupiga mpira umtoke mikononi. Katika misimu 11, yote Kansas City, aliwaangusha warushaji mara 126 na nusu. Nusu hiyo hutokea wawili wakimwangusha mtu kwa pamoja.

Mzee wangu alikuwepo uwanjani Arrowhead tarehe 11 Novemba 1990, siku ileile ya kuenzi wanajeshi. Wapinzani walikuwa Seattle Seahawks. Siku hiyo Thomas alimwangusha mrushaji wao, Dave Krieg, mara saba. Saba katika mchezo mmoja! Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Yeye mwenyewe aliikaribia tena, alipofikisha sita mwaka 1998. Mzee anasema kila alipoanguka Krieg watu walisimama, mwisho wakaacha kukaa kabisa.

Chiefs wanaongoza 16 kwa 10, zimebaki sekunde chache, jaribio la mwisho. Thomas akachomoka tena, akamfikia Krieg, akamshika. Hiyo ni ya nane, na ndiyo ya kumaliza kazi. Krieg akajikung'uta, akamponyoka, akasimama, akarusha mpira hadi mwisho wa uwanja, ukadakwa. Seattle wakashinda 17 kwa 16. Baada ya mchezo Thomas alisema atakayoikumbuka ni ile moja iliyomponyoka. Mzee aliponisimulia hapa alinyosha mkono wake kama anamshika mtu, kisha akaufungua polepole. Miaka yote hiyo, na mkono wake bado unaikumbuka.

Lakini si hayo yaliyonikalisha nisilale. Mwaka huohuo wa 1990 Derrick Thomas alianzisha shirika la kusaidia watoto wa mjini, wale wa mitaa yenye shida, wajue kusoma. Aliliita Third and Long. Ni jaribio la tatu, na bado mbali. Ni ile hali niliyokueleza, ambayo timu ikiingia humo ndipo yeye anaamka kuwinda. Hakuna mtu nchi nzima aliyejua kuliko yeye jinsi unavyoumia ukiwa hapo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anawaumiza. Akawatazama watoto wa miaka tisa, kumi, wasiojua kusoma, akasema hawa ndio wako hapo. Na Jumamosi alikuwa anakwenda maktaba, jitu zima lile, anakaa na watoto wanasoma vitabu. Mwaka 1993 ligi ilimpa tuzo yake ya mchezaji wa mwaka kwa kazi ya kijamii. Mimi naona tuzo hiyo ni kubwa kuliko zile saba, na mzee wangu, niliyedhani atabisha, alitikisa kichwa kukubali.

Ungejua nilivyokuwaza hapo. Nani kakwambia mtoto wa darasa la tano asiyesoma keshashindwa? Wewe mwenyewe una jina la hali yake sasa.

Alikufa kijana. Tarehe 23 Januari 2000, barabara ina theluji na barafu, alikuwa anaendesha kuelekea uwanja wa ndege, anawahi kwenda kutazama mpira St. Louis. Gari likapinduka. Walikuwa watatu. Yeye na rafiki yake mmoja hawakufunga mikanda, wakatupwa nje. Rafiki akafa palepale, Thomas akavunjika uti wa mgongo. Wa tatu alikuwa amefunga mkanda, akatoka na majeraha madogo. Polisi walisema gari lilikuwa mbio kuliko barabara ile ilivyoruhusu, na hilo silifichi kwa kuwa nimempenda. Tarehe 8 Februari, akiwa hospitali kwao Miami, damu iliyoganda ikapanda kwenye mapafu, akaondoka, ana miaka 33. Jeneza lake liliwekwa Arrowhead, na maelfu ya watu wakapita kumuaga uwanjani kwake. Mzee alipanga foleni na mkewe. Mwaka 2009 aliingizwa kwenye jumba la magwiji wa mchezo wao, na namba 58 Chiefs hawaivalishi mtu mwingine. Nakuomba, shemeji akitoka na lori kwenda Dar, mwambie nimesema afunge mkanda, hata kama ni mpaka Segera tu. Mwambie ni ombi la shemeji yake.

Turudi kwenye kibaraza. Usikifunge, Mwanaidi. Saba wanatosha kabisa. Mwezi ujao kuna dada wa hapa, mtu wa Pangani, anarudi nyumbani kwa likizo, amenipa nafasi ya kilo tano kwenye begi lake. Niambie unataka nini. Vitabu vya Kiswahili huku ni shida, nitakutumia hela uvinunue Dar, lakini madaftari, penseli za rangi na ile miwani ya kusomea ya yule binti uliyesema anasogeza kitabu mpaka puani, hivyo naviweza. Nipe vipimo vyake.

Na jambo lingine. Jumamosi saa nne asubuhi kwenu, huku ni saa saba usiku, na mimi huwa zamuni. Saa hiyo kazi imetulia na ninapata mapumziko ya nusu saa. Nitapiga. Iweke simu katikati ya mkeka, mtoto mmoja anisomee ukurasa mmoja, yeyote yule, hata akikwama tutamsubiri. Mzee nimeshamuuliza kama angependa kusikiliza watoto wakisoma lugha asiyoijua. Ameniambia nimvishe jezi.

Ni mimi mwenzio,
Zuhura