Salamu za shukrani kwa wote mliosimama na baba yetu, mwigizaji, hadi makaburini Kikowani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sisi wana wa marehemu, pamoja na mama yetu aliye edani, ndugu zake na wajukuu, tunatoa shukrani kwa kila aliyetushika mkono tangu baba alipougua hadi tulipomzika. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tulitamani kumpitia kila mmoja nyumbani kwake, lakini mlikuwa wengi mno, na wengine mko Malindi, Kwale, Nairobi, hata Unguja. Tupokeeni kwa maandishi haya.

Wengi mlimjua baba kwa sauti kabla ya kumjua sura. Alianza na michezo ya redio, akapanda jukwaani Little Theatre Club akiwa kijana, akacheza tamthilia ya Kinjeketile kwa namna ambayo wazee wa Majengo wanaisimulia hadi leo. Kisha ikaja televisheni. Kabla KTN haijaanza mwaka 1990, Kenya nzima ilikuwa na stesheni moja tu, kwa hivyo ukionekana jioni, asubuhi yake kondakta wa Changamwe hakutozi nauli. Lakini riziki yake ya miaka ya mwisho ilitoka kwenye vitabu vya kutahiniwa. Alizunguka shule za Pwani na vijana wa kikundi chake wakiigiza Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, yeye akiwa Majoka, mtawala wa mchezo huo, na mpaka mauti yanamfika wapo waliomwita Majoka barabarani wasilijue jina lake. Maneno ya michezo yake aliyanakili kwa mkono kwenye daftari za shule, na kwa kalamu nyekundu akatia kistari kila mahali pa kuvuta pumzi. Daftari hizo tunazo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kazi ilikatika, na bima nayo ikafa kwa kukosa michango.

Kiharusi kilimkamata alfajiri, akijitayarisha kwa swala. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Huo ndio mtihani uliotuvunja. Maradhi mengine mtu huyazoea, lakini kumwona baba, ambaye chumba kizima kilinyamaza akifungua kinywa, akitaka maji na asiweze kusema maji! Alitoa mlio, akaukasirikia mwenyewe, akageuza uso ukutani ili wajukuu wasione machozi. Mama alimsomea Yasin usiku kucha asijue kama anaelewa. Hospitali ya kwanza tuliyomfikisha ilidai amana kabla ya kumpiga picha ya kichwa, na saa zikapita tukihangaika na simu. Hayo tumemwachia Mola.

Ndipo tukatangaza mchango, kwa haya nyingi, maana baba hakuzoea kuomba. Simu ya kaka yetu ikaanza kulia baada ya Isha na haikunyamaza. Hazikuwa pesa za matajiri. Zilikuwa shilingi hamsini, shilingi mia, shilingi mia mbili, kutoka kwa nambari tusizozijua: waliomwona shuleni wakiwa kidato cha nne, sasa ni makanga, ni walimu, ni mama wa watoto. Mmoja aliandika maneno mawili tu, "Ya Majoka." Kaka alikaa sakafuni akalia kama mtoto. Deni la hospitali likalipwa, Alhamdulillah, na tukaweza kumpata mtaalamu wa matamshi.

Mtaalamu huyo ndiye aliyetufumbua macho. Alitueleza kwamba aliyepoteza usemi kwa kiharusi huenda ashindwe kuomba maji, lakini yale aliyoyahifadhi kwa miaka mingi, dua, nyimbo, hata kuhesabu, mara nyingi hubaki. Akamwambia mama amwanzishie Alhamdu. Baba akaipokea, polepole, akaifikisha hadi waladh-dhaalliin. Mama alisujudu pale pale kando ya kitanda.

Na hapa yupo mmoja ambaye amekataa kutajwa jina, mwenzake wa jukwaani ambaye sisi twamwita ami. Ami alivuka feri kutoka Likoni karibu kila siku baada ya Alasiri, na magoti yake mwenyewe hayamsaidii, akakaa na daftari ya Kinjeketile akisoma maneno ya wenzake ili baba ajibu ya kwake. Na baba akajibu. Si yote, na si kila siku, lakini yalipomjia yalitoka kwa sauti ile ile, na pumzi ikivutwa palepale penye kistari. Ami, ulimrudishia baba yetu heshima yake mbele ya wajukuu zake. Hatuna cha kukulipa. Allah akujaalie afya na akuandikie kila hatua ya feri ile kuwa thawabu.

Kuna pia muuguzi wa zamu ya usiku, aliyekuwa akimnyoa ndevu na kumtengeneza mto bila kuombwa, na dereva wa tuktuk aliyempeleka mazoezini na kukataa nauli hadi mwisho. Jazakumullahu kheyr.

Baba alituondokea usiku wa kuamkia Ijumaa, akasaliwa msikiti wa Sakina baada ya swala ya Ijumaa. Tunawashukuru maimamu na waliomwosha na kumchimbia kaburi. Majirani wa Majengo na Tononoka. Wakina mama waliopika na wanaoendelea kumtembelea mama. Waigizaji wa Likoni, Kisauni, Jomvu na Changamwe. Walimu wa Kiswahili. Watangazaji waliotoa tangazo bila malipo. Vijana wa maskani waliopanga viti na kuongoza magari. Jamaa wa Lamu waliosafiri usiku. Na ndugu zetu Wakristo waliosimama nasi makaburini tangu mwanzo hadi mwisho.

Tunajua tumewaacha wengi. Wapo waliotuma pesa bila jina, wapo waliotuletea maji na mchele wakaondoka kabla hatujawaona. Tunaomba radhi sana, kwa moyo mzito. Msiseme tumewasahau, kichwa cha mfiwa kina mengi, na Allah ndiye mwenye daftari kamili. Ikiwa katika siku zile mmoja wetu alikujibu vibaya au hakukupokea inavyostahili, tusamehe.

Hitima ya arubaini itasomwa nyumbani, nyote mwakaribishwa. Mwenye kanda ya zamani au rekodi ya simu yenye sauti ya baba, twaomba nakala, kwa ajili ya wajukuu. Na yeyote anayemdai marehemu, kidogo au kingi, aje kwa kaka yetu mkubwa baada ya Magharibi, tumlipe.

Wana wa marehemu, Majengo, Mombasa