Wale wadudu wa bafuni si minyoo ya Rehema

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini hamjambo nyote, baba Nasri, watoto, na mama mkwe ambaye nasikia mguu bado unamsumbua. Sisi huku wazima, ila mvua haikatiki na nguo hazikauki. Salamu nyingine zitafuata huko chini, maana ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi, na nataka barua hii ikufikie kabla ya Jumatano uliyosema utampandisha Rehema, binti wako wa kazi, basi arudi kwao Lushoto.

Usimpandishe. Nakuomba kwa jina la Mungu, ngoja kwanza tujue wale ni wadudu gani.

Umesema kila asubuhi unakuta viminyoo vya kijivu bafuni, karibu na tundu la kutolea maji, havifiki hata sentimita moja, vinajinyonganyonga. Mama Shufaa akaja, akaangalia, akasema hiyo ni minyoo iliyotoka tumboni mwa mtu, na kwa kuwa ilianza kuonekana Rehema alipofika, basi ni yake. Ukampa dawa ya minyoo. Ukarudia. Vikazidi. Sasa Mama Shufaa anasema kuna mkono wa mtu, na wewe umeanza kuamini.

Mwanaidi, tulia nikuulize. Dawa aliyoimeza Rehema itamuuaje mdudu anayeishi ndani ya bomba?

Maana huko ndiko kwao. Nimeivuta ile picha uliyonitumia mpaka ikaanza kufifia, nikaona ncha moja ina kichwa cheusi, na mgongoni kuna vibamba vyeusi vimepita pingili kwa pingili. Minyoo ya tumboni haina kichwa cheusi wala hivyo vibamba. Huyo ni buu wa nzi wa bafuni, wale vinzi vidogo vyenye manyoya vinavyoganda ukutani mchana kutwa. Ukimgusa anaruka kidogo tu anatua tena, ukimfinya anabaki vumbi kidoleni. Na unavyo, shoga. Niliviona mwenyewe nilipolala kwako wakati wa arusi ya Salma, vimejipanga juu ya ndoo.

Nzi huyo hutaga mayai kwenye ule ute mweusi unaoganda ndani ya bomba, mchanganyiko wa sabuni, nywele na uchafu wa mwili. Baada ya siku 2 hivi mayai yanaanguliwa. Mabuu wanakula uleule ute kwa wiki moja au mbili, wanakuwa pupa, kisha wanatoka nzi wapya na mambo yanaanza upya. Hawang'ati, hawanyonyi damu.

Masika ya mwaka jana walitokea hapa kwetu, ndiyo sababu nakuandikia kwa uhakika. Shemeji Hamisi, unaijua kazi yake ya ubwana afya, alimdokoa mmoja kwa kijiti cha kiberiti, akamtia kwenye chupa ya jamu pamoja na ute kidogo na maji kidogo, akafunga mdomo kwa kipande cha kanga. Nikawa naenda kumtazama kila nikipata nafasi. Anapinda mwili, anajinyoosha, anainua mkia mpaka juu ya maji, kwa sababu huko mkiani ndiko kwenye kimrija chake cha kupumulia, kisha anazama tena kwenye ute. Siku zikapita, akakakamaa, hajongei. Tukadhani amekufa. Asubuhi moja Zaina akaniita kwa kelele, nikakuta nzi mwenye mabawa ya manyoya amekaa ndani ya kioo, na lile buu halipo. Tangu hapo hakuna mtu nyumbani kwangu anayeweza kuniambia wale wametoka tumboni kwa mtu.

Minyoo yenyewe ikoje? Ule mkubwa wa matumbo, ambao watoto wetu tuliwahi kuwaona nao, ni mweupe wenye wekundu kwa mbali, na ukikomaa unafika sentimita 15 hadi 35. Jike anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, ila yanatoka na choo na hayaonekani kwa macho. Vile vidogo vinavyowawasha watoto usiku sehemu ya haja ni vyembamba na vyeupe kabisa. Tegu hutoa vipande bapa, navyo vyeupe. Katika hao wote hakuna wa kijivu mwenye kichwa cheusi, na hakuna anayezaliana kwenye sakafu ya bafu. Kama bado una shaka, mpeleke Rehema zahanati akapime choo, na wewe upime, na watoto wapime. Majibu hayo yatakuwa ya watu. Kesi ya bafu ibaki ya bafu.

Halafu fikiria na huu wakati wenyewe. Lile bafu la uani lilikaa bila kutumika tangu mpangaji wako alipohama. Yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba yakakauka, nzi wakapata njia ya kupanda kutoka kwenye chemba, wakataga kwa raha zao. Rehema akaja, mkamwambia aoge humo. Anaamka alfajiri kudeki, kwa hiyo yeye ndiye aliyewaona wa kwanza, na yeye ndiye aliyekuonyesha. Mtu aliyekuonyesha uchafu ndiye sasa anafukuzwa kwa huo uchafu. Inaniuma sana, Mwanaidi. Binti ni rika la Zaina wangu. Akifika Lushoto wataulizana amerudishwa kwa nini, na jibu litakuwa ana minyoo ya kurogwa. Nani atamchukua tena? Nani hata atamposa?

Sasa fanya hivi leo hii. Usiku mkimaliza kuoga, kausha sakafu, chukua selotepu ubandike juu ya lile tundu, upande wa gundi uangalie chini, lakini usizibe lote, acha upenyo hewa ipite. Asubuhi ibandue utazame. Rudia usiku kadhaa. Ukikuta vinzi vimenasa, mwite Mama Shufaa aje aone kwa macho yake.

Kisha ng'oa mfuniko wa tundu, ingiza brashi yenye mpini mrefu, sugua kuta za bomba zote, uvute ule ute utoke. Utatapika, najua ulivyo, funga pua kwa mtandio. Bila kutoa ute unafanya kazi bure. Umesema umemwaga Jik chupa nzima: Jik inapita juu ya ute, mabuu wako chini yake wamejificha, na wanaokereka wanapanda juu, ndio maana asubuhi yake uliwakuta wengi zaidi. Ukishasugua, mwaga maji ya moto yenye sabuni, ila yasiwe yanayochemka, maana mabomba ya plastiki yanalegea. Na tafadhali sana, usichanganye Jik na ile dawa kali ya kusafishia choo. Inatoa hewa ya sumu, na bafu lako lile halina dirisha la maana. Vinzi vya ukutani vifute kwa kitambaa chenye maji. Endelea kusugua kila baada ya siku chache kwa wiki 2 au 3, kwa sababu mayai yaliyobaki yataanguliwa. Mwangalie na fundi kama kuna vigae vimepasuka, maji yanaweza kuwa yanatuama chini yake.

Na ule mfuko wa kijivu unaotembea ukutani, ulioniuliza mwezi wa Ramadhani nikasahau kukujibu, ule bapa kama mbegu ya boga: ndani yake mna buu wa nondo mdogo. Anaushona mfuko kwa hariri yake na vumbi la nyumba yako, anatoa kichwa upande huu au ule, anakula utando wa buibui na manyoya. Fagia utando wa dari watapungua. Na yule kama mnyoo mweusi anayeng'aa, ambaye Bi Kidawa alimtoa kwenye chungu cha maua, akalia mtaa mzima ukajaa, Hamisi alipomtazama alikuwa anatoa ulimi. Nyoka kipofu, hana sumu ya kumdhuru mtu, chakula chake mayai ya sisimizi na mchwa na wadudu wadogo kama hao. Nikianza habari ya vidudu vya nyumbani simalizi.

Mmoja tu ndiye nakuomba umwogope kweli: yule nzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Buu wake anaingia kwenye ngozi, anafanya jipu. Kwa mvua hizi nguo za mtoto zipige pasi vizuri, hasa mishononi na nepi. Huyo hahusiani na bafu, wala na Rehema.

Hamisi anakuja Dar Jumanne kwa kazi zake. Nimempa brashi yetu ndefu akuletee, na nimemwambia asiondoke mpaka ameingia bafuni kwako. Akifika mpe chai, na mwache aongee na Mama Shufaa mwenyewe, yeye ana subira na wazee kuliko mimi. Mpe pia vile vitenge vyangu kama bado umeviweka.

Sasa nijibu. Baba Nasri anasemaje kuhusu Rehema, au hajaambiwa? Umeshamlipa mshahara wake wa mwezi huu? Mwenyewe umemuuliza anajisikiaje, na dawa ulizompa zimemsumbua tumbo? Mama yake umeshampigia simu? Kama umempigia, mpigie tena kesho umwambie mambo yamebadilika. Picha nyingine unaweza kunipigia, ukimulika tochi kwa ubavuni ili mkia uonekane? Na mguu wa mama, mmerudi hospitali au bado mnakanda tu?

Nisalimie Rehema kwa jina lake, umwambie mama Zaina wa Tanga anamsalimu. Watoto wabusu.

Akupendaye,
Mwanahawa